Mtoto Aliyezidi Kambini

Sura ya Tano

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, kosa liligunduliwa kwenye meza ya uji.

Vikombe vilikuwa sita. Vilikuwa vya plastiki, vya rangi ya chungwa, na kila kimoja kilikuwa na plasta yenye jina la mwenyewe kwa mwandiko wa Veronicah, mwalimu wa chekechea kutoka mjini Embu, ambaye hajawahi kuanza jambo lolote maishani bila kulibandika plasta. Vikombe vitano vilikuwa mikononi mwa watoto. Cha sita, cha Mukiri, kilikuwa kimefunikwa kisahani kwa sababu Mukiri alikuwa amelala. Mambo yangekuwa sawa kabisa, ila mtoto mmoja wa kiume, wa miaka miwili hivi, alikuwa amesimama mbele ya sufuria, mikono mitupu, akilia kwa sauti ya mtu anayejua haki zake.

"Kikombe cha huyu kiko wapi?" Veronicah aliuliza.

Aliangalia majina yote sita kwenye plasta.

"Na huyu ni wa nani?"

Hapo ndipo Sajini Koome wa upelelezi, aliyekuwa akianika nepi kwenye kamba ya hema, aliposhusha nepi ya nne polepole na kuiweka begani. Macho yake yakawa membamba. Miaka kumi na mmoja kazini ilikuwa imemfundisha kwamba uhalifu hauchagui mahali.

Inafaa ieleweke kwamba Koome hakuwa kazini. Alikuwa likizoni, kwenye shamba moja juu ya mji mdogo wa Manyatta, pale chai inapoishia na msitu kuanza, pamoja na kundi la wazazi wa kanisa moja la mjini walioamua kwamba watoto ambao bado hawajui kutumia choo cha nyumbani sasa wajifunze kutumia cha porini. Wazazi wengi walikuwa wameteremka Manyatta na watoto wao kutafuta kuni kavu na viazi, maana mvua ya jana ilikuwa imelowesha kila kitu. Kambi ilikuwa imeachiwa watu wazima wanne: Koome, Veronicah, aliyekuwa na watoto wake wawili na kichanga cha miezi mitano kilicholala ndani ya karai, Ndwiga, karani wa ofisi fulani mjini, baba wa watatu, na mama yake Ndwiga, Cucu (yaani nyanya) Ciakuthii, aliyekuja kuhakikisha kwamba hakuna mjukuu wake atakayelishwa soseji.

Na kulikuwa na jambo la Kananu.

Kananu, mke wa Koome, ni muuguzi. Alikuwa amepata nafasi ya kozi ya miezi sita Nairobi, ya uuguzi wa chumba cha upasuaji, nafasi aliyoiomba mara tatu. Jibu lilitakiwa leo kabla ya saa nane mchana, na hadi leo asubuhi hakuwa amejibu. Wiki nzima alikuwa akimtazama Koome jinsi mtu anavyoitazama ngazi ya miti kabla ya kuipanda.

"Miezi sita, Baba Mukiri," alikuwa amesema. "Wewe na yeye. Na hujawahi kukaa naye hata siku moja mkiwa wawili."

Ndipo Koome alipokula kiapo. Aachiwe mtoto kambini, Kananu amalize zamu yake hospitalini, na akifika saa saba atamkuta Mukiri mzima, mkavu, ameshiba. Akimkuta hivyo, Kananu ataenda kozi. Asipomkuta hivyo, basi.

Mpaka sasa mambo yalikuwa yakienda vizuri kuliko kiapo chenyewe. Mukiri, wa mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa amelala mgongoni mwa Cucu Ciakuthii tangu waliporudi kutoka matembezi ya asubuhi. Amefungwa kwa leso mpaka shingoni, kofia ya njano yenye kifungo chekundu ikiwa imemfunika mpaka kwenye nyusi. Jina Mukiri kwa Kimeru ni la mtu mkimya. Alilirithi kwa nyanya yake, si kwa ushahidi wowote. Lakini leo alikuwa kimya kweli. Hata alikuwa akikoroma kidogo, jambo ambalo Koome hakuwahi kumsikia akifanya, akasema moyoni kwamba ni hewa ya mlimani. Alikuwa amempiga picha na kumtumia Kananu: *Amelala. Kofia iko kichwani.*

Kananu alikuwa amejibu: *Kofia? Mukiri huyu wetu?*

Koome aliisoma kama pongezi.

"Kila mtu abaki alipo," alisema sasa, akiingia katikati ya kambi na nepi yake begani. "Tuanze na idadi. Mmoja, wawili, wa..."

Mwiko wa ugali ulimpata kwenye mkono.

"Koome!" Cucu Ciakuthii alikuwa ameuinua tena. "Watoto hawahesabiwi!"

"Cucu, huu ni uchunguzi."

"Hata ukiwa ni ufufuo. Unahesabu watoto unaita nini kije? Hata mbuzi wa baba yangu hawakuwa wanahesabiwa."

"Sasa mlikuwa mnajuaje mmoja amepotea?"

"Mbuzi akikosa, unamkosa. Si lazima umpe namba."

Koome alishusha mkono. Alizaliwa Kiirua, upande wa Meru, na huko nako nyanya yake alikuwa na mwiko wake. Aliwahi kumfuata mwizi wa ng'ombe kwa miguu kilomita ishirini na mbili; hakuwahi kumpinga nyanya wa mtu yeyote.

"Vikombe vinahesabiwa?"

Cucu alifikiri. "Vikombe ni plastiki. Hesabu."

"Sita," alisema Koome. "Na kila chenye jina kina mwenyewe. Kwa hiyo huyu hayumo kwa orodha. Kuna mtu alikuja na mpwa wake bila kusema."

Alipanda juu ya jiwe la nyuma ya choo, mahali pekee penye mtandao, akawapigia simu wazazi walioko Manyatta, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuja na mpwa. Mmoja aliuliza kama huyo mtoto ana tabia nzuri, na kama ana tabia nzuri kwa nini wasimbadilishe na wake. Koome alikata simu akarudi kumhoji mhusika mwenyewe.

Alichuchumaa. Mtoto alimtazama, kamasi mbili zikisimama sawasawa kama askari wa lango.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Gali."

"Unatoka wapi?"

"Gali."

"Mama yako yuko wapi?"

Mtoto alifikiri sana. Kisha akanyoosha kidole kwa sufuria. "Uji."

"Shahidi yuko tayari kushirikiana," Koome alisema akisimama, "lakini ana masharti. Mpeni uji."

Veronicah alimpa kwa kifuniko cha flaski. Wakati mtoto akinywa, Koome alimzunguka mara mbili, polepole, kama mwalimu wa zamu anayekagua vitanda. Kutoka bondeni ilisikika sauti ya mto, umejaa kwa mvua ya usiku. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wa Koome uliacha mchezo.

"Sikilizeni," alisema. "Mahali fulani hapa karibu kuna mama anayemtafuta huyu. Na mtu wa huku mtoto akimpotea, anaangalia maji kwanza."

Ndwiga alijikuna shingo. Koome alikwisha kupiga magoti tena.

Kiganja cha kulia cha mtoto kilikuwa kimefumba kitu. Akakifungua kidole kwa kidole: tawi dogo la chai, majani mawili na chipukizi lake, limenyauka kwa joto la mkono. Kichwani hakuwa na kofia, na watoto wote wa kambi walipewa kofia za njano na kanisa. Miguuni alikuwa na gambuti nyeusi zilizomzidi, na kwenye shingo ya kila moja palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe ya mafuta: 214.

"Saizi ya kiatu?" Veronicah aliuliza.

"Ya jitu gani? Hii ni namba ya mkulima wa chai. Ndiyo wanaandika kwa magunia na vikapu, isipotee kwa kituo cha kupimia. Huyu ametoka kwa watu wanaochuna chai." Akainua kichwa. "Ndwiga."

"Naam, afande."

"Asubuhi ni wewe ulipeleka watoto matembezi. Mlisimama wapi?"

"Hatukusimama."

"Popote?"

"Popote. Tulienda mpaka kwa ule mti mkubwa, tukaangalia ndege, tukarudi."

"Ndege gani?"

"Ndege wa... wa kawaida."

Koome alichukua ncha ya nepi iliyokuwa begani, ambayo ilikuwa safi, akaipitisha mdomoni mwa mtoto mkubwa wa Ndwiga. Aliinua kitambaa kwenye jua. Sukari. Mafuta.

"Na hawa ndege wa kawaida," alisema kwa upole mkubwa, "walikuwa wamekaangwa?"

Ndwiga alimtazama Veronicah. Jana jioni Veronicah alikuwa amesimama mbele ya moto na kusoma masharti ya kambi kwa sauti, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba hakuna mandazi kabla ya uji.

"Afande, si tuongee kando."

"Tuongee hapa hapa."

"Ndwiga," Veronicah alisema. "Ndwiga, sema haikuwa mandazi."

"Ilikuwa moja moja tu! Kuna kibanda pale kituo cha chai. Nilinunua moja kwa kila fundo."

"Fundo?" Koome aliuliza.

Kamba ililetwa. Ilikuwa ya Veronicah, ya kutoka darasani kwake: kamba ya bluu yenye mafundo, na kwenye matembezi kila mtoto hushika fundo lake, mtu mzima akishika la mwisho. Koome aliipitisha vidoleni mwake.

"Mafundo saba."

"Saba, ndiyo. Wakati wa kwenda, la nyuma nalishika mimi."

"Na wakati wa kurudi?"

"Nilikuwa mbele. Kuna mtu alinipigia simu, ni mambo ya gari."

"Hapo kituoni watoto waliachilia kamba?"

"Kidogo tu. Kulikuwa na bata. Wakachanganyika na wale watoto wa wachunaji, wakacheza, nikawaambia washike kamba, tukatoka."

"Ulijuaje wote wamerudi?"

"Niliangalia kila fundo. Kila fundo lilikuwa na mkono."

"Yote saba?"

"Yote. Afande, hakuna lililokuwa tupu, naapa."

Kisha Cucu Ciakuthii akatikisa kichwa kwa fahari, na kofia ya njano mgongoni mwake ikatikisika naye. "Umeona? Alihesabu mafundo. Hakuhesabu watoto. Nilimlea vizuri."

Koome alisimama. Kesi ilikuwa imefunguka kama ganda la ndizi. Ndwiga alikwenda na watoto sita na mkono wake mmoja. Akarudi mkono wake ukiwa kwenye simu, na bado mafundo saba yamejaa. Vikombe sita, mafundo saba, mtoto mmoja amezidi. Hesabu ilikubali kila upande, kama ile ya kitabu chenye majibu nyuma.

"Dakika kumi na tano kwa miguu," alisema. "Tunamrudisha sasa hivi. Cucu, utanisindikiza? Nimeapa Mukiri hatatoka machoni mwangu."

"Mimi nitembee na huyu mzigo wako? Leo amekuwa mzito kama deni la shetani."

"Ni uji wa jana, Cucu."

*

Njia ilikuwa nyekundu na telezi, chai pande zote mbili imekatwa sawa kama nywele za kidato cha kwanza. Koome alimbeba mgeni mabegani. Mgeni alikuwa ameshiba na kumsamehe kila mtu, na alikuwa akimpiga Koome masikioni kwa furaha, akisema "Gali! Gali!" Ilibainika kwamba gari lenyewe ni Koome.

Walipofika kwenye kona ya kwanza walisikia sauti. Ilikuwa ya mwanamke, ikitoka chini upande wa mto, na ilikuwa inaita jina moja ikilivuta mpaka pumzi iishe.

"Ireriii!"

Mtoto aliacha kupiga. Aligeuza kichwa.

Koome alimshusha kutoka mabegani, akamkumbatia kifuani, akaanza kukimbia.

Kituo cha kupimia chai kilikuwa banda la mabati lisilo na kuta upande wa mbele, na mizani kubwa ya duara ikining'inia kutoka kwenye boriti. Mwanamke wa makamo mwenye aproni ya plastiki alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani. Huyo alikuwa Ruguru, anayebaki na watoto wakati mama zao wanachuna. Alipoona kilicho kifuani mwa Koome, akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Ngai. Huyu hapa. Huyu hapa!"

Kisha akageukia mteremko, akapiga yowe: "Amepatikana!" Mwanamke aliyekuwa safu ya kwanza ya chai alilipokea akalirusha kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka neno likashuka lote hadi majini, na ile sauti iliyokuwa ikiita ikanyamaza katikati ya jina.

Mama Ireri alifika akiwa amelowa mpaka kiunoni. Alikuwa msichana tu, wa miaka ishirini na kitu. Hakulia wala hakugomba. Alimchukua mtoto kutoka kwa Koome, akaweka kiganja kwenye utosi wake, akakiacha hapo muda mrefu, akiangalia pembeni.

"Alikuwa kwetu kambini," Koome alisema. "Alikuja na kamba. Ni makosa yetu, mama. Tusamehe."

"Amekula?" aliuliza.

"Amekula mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa juu ya gunia, akampa titi.

"Mimi nilijua ako na mama yake," Ruguru alisema, akipangusa macho kwa aproni. "Huyu huja kumnyonyesha saa tatu. Sikumwona mtoto, nikasema amemchukua. Leo amechelewa, sasa hivi hapa ndio anakuja ananiuliza mtoto ako wapi."

"Hukuwahesabu waliporudi kwa bata?"

Ruguru alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kuhesabu watoto? Kwani wewe ni wa wapi?"

"Mwambie," alisema Cucu Ciakuthii, aliyekuwa ndio kwanza anafika, akihema.

Koome alijaza kifua hewa. Ilikuwa saa tano na robo. Kesi ilikuwa imefungwa, mama amepata mtoto, na Kananu angefika na kukuta kila kitu mahali pake. Alianza kutunga kichwani namna atakavyomsimulia kisa hiki, akijiongezea kidogo tu kwenye ile sehemu ya gambuti.

"Tena!" sauti fulani ilisema kutoka ndani ya banda.

"Na huyo mwingine mtuambie ni wa nani," Ruguru alisema. "Tangu asubuhi anataka kupimwa. Ukimshusha anapiga kelele mpaka bata wanakimbia. Nikafikiri ni wa mchunaji mgeni."

Kwenye ndoano ya mizani palikuwa pamening'inia gunia la chai, na ndani ya gunia, kichwa na mikono nje, alikaa msichana mdogo asiye na kofia, amejipaka mandazi mpaka kwenye nyusi. Mshale wa mizani ulisoma kilo kumi na moja na nusu.

"Tena!" aliamuru. Mzee mmoja aliyekuja kupima majani yake akalisukuma gunia kwa utiifu.

Koome alitabasamu. "Wallahi, anafanana na wangu."

"Wako ako wapi?"

"Si huyo, mgongoni kwa Cucu."

Mpelelezi hodari, inasemekana, huona jambo mara moja. Koome alichukua muda wa kutosha kwa gunia kwenda na kurudi mara tatu. Alimtazama msichana. Alitazama gambuti nyekundu zilizochomoza kupitia tundu chini ya gunia, alizozinunua mwenyewe sokoni Embu. Akageuka akatazama kofia ya njano yenye kifungo chekundu, kofia ambayo Mukiri hajawahi kukaa nayo kichwani dakika nne bila kumpa mtu mwingine au kuitupa kwenye supu.

"Cucu," alisema kwa sauti nyembamba. "Fungua leso."

Leso ilifunguliwa. Kofia ikavutwa. Chini yake palikuwa na kichwa kilichonyolewa, masikio makubwa, na mvulana mnene wa miaka miwili aliyefumbua macho, akawatazama wote bila kinyongo, akapiga mwayo.

"Nyamu!" Ruguru alipiga makofi. "Kumbe ulienda kambi!"

Cucu Ciakuthii alimwangalia Nyamu, halafu akaiangalia leso, kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Alikuja na kofia, akainua mikono, nikampandisha," alisema. "Mgongo hauna macho, Koome."

Basi ile hesabu iliyokubali kila upande ilikuwa na shimo la kupitisha ng'ombe. Hakuzidi mmoja. Walizidi wawili na akapungua mmoja, na aliyepungua alikuwa wa mpelelezi. Kwa saa nzima na zaidi alikuwa amechunguza gambuti za mtoto wa watu, akahoji karani, akapima mafundo, huku mwenyewe akiwa ametuma picha ya Nyamu kwa mama yake Mukiri.

Koome alikwenda kwenye mizani. "Mukiri," alisema. "Mama. Njoo kwa baba."

Mukiri alimtazama kwa muda.

"Hapana," alisema. "Tena."

*

Saa sita walikuwa kambini, na baraza likakaa kando ya moto. Mukiri alikuwa ameogeshwa, amebadilishwa, amelishwa. Hakuna alama yoyote mwilini mwake iliyoweza kutolewa kama ushahidi.

"Mimi naona hivi," Ndwiga alisema. "Mtoto ako. Ni msafi. Kananu akija anamkuta vile mliagana. Sasa kuna haja gani ya kuongea mambo ya chai?"

"Hiyo picha ifutwe," alisema Veronicah. "Na mimi sitaongea mandazi kama nyinyi hamtaongea hii. Jameni, hiyo kozi ameingoja miaka mitatu. Mtu akisikia hii kitu, ataenda kweli?"

"Mimi sikuona kitu," alisema Cucu Ciakuthii.

Koome alikuwa na Mukiri mapajani, mkono mmoja umemshika tumbo. Njia yote ya kurudi alikuwa amesikia lile jina likiitwa mtoni, ila kila mara lilibadilika masikioni mwake likawa jingine.

Kananu alifika saa saba kasoro dakika tano, juu ya boda, bado na sare ya kazi chini ya jaketi. Mukiri alimkimbilia. Kananu alimwinua, akamnusa shingoni, akamgeuza mbele na nyuma, akatazama kucha, akatazama masikio.

"Mzima," alisema. "Mkavu. Ameshiba." Sauti yake ilikuwa na mshangao ambao Koome, siku nyingine, angeukatia rufaa. Alitoa simu mfukoni. "Haya basi, Baba Mukiri. Nilisema nini? Wacha nijibu hawa watu."

Ndwiga alikuwa anamkonyeza Koome kwa jicho lote. Veronicah alikuwa anakoroga sufuria isiyo na kitu.

"Ngoja," alisema Koome.

Alisimama wima. Aliweka mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya hakimu, akatoa taarifa yote kuanzia mwanzo: vikombe, mafundo, bata, mto, gunia. Hakujiongezea kwenye sehemu ya gambuti. Alipofika kwenye leso alikosea, akaanza upya. "Nilimpoteza kuanzia saa tatu na robo hadi saa tano na robo," alimaliza. "Na saa hizo zote sikujua. Mtu mwingine ndiye aliyekuwa anamsukuma. Nimeona ujue kabla hujajibu."

Kananu alikuwa ameketi juu ya jerikeni tupu la maji. Alimtazama Koome, akamtazama Cucu, aliyekuwa akikagua mawingu, akamtazama Mukiri, aliyekuwa akivua kiatu cha mama yake. Simu ilikuwa bado mkononi.

"Unakumbuka kliniki ya miezi tisa?" aliuliza mwishowe. "Ile siku nilirudi nyumbani jioni?"

"Ulisema foleni ilikuwa ndefu."

"Foleni ilikuwa fupi. Walikuwa wanapima uzito, watoto wote wamevuliwa wamewekwa kwa kitanda kimoja. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikachukua mtoto, nikafunika na shali, nikaenda. Nimefika stejini, nimekaa kwa gari, nikafungua nimnyonyeshe." Akamwachia Mukiri kiatu. "Alikuwa na meno manne. Mukiri hakuwa na hata moja."

Mwiko wa Veronicah ulisimama.

"Nilikimbia kutoka stejini mpaka kliniki na sindiria wazi," Kananu alisema. "Yule mama mwingine hata hakuwa amejua. Alikuwa anamwimbia Mukiri."

Cucu Ciakuthii alianza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu Ndwiga, halafu wote. Koome peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama wima mbele ya hakimu.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima hukuniambia?"

"Wewe si ndio mpelelezi? Hukuuliza."

Alibonyeza simu kwa kidole gumba, akaitazama mpaka ikalia.

"Imeenda," alisema. "Naanza Jumatatu ijayo." Kisha akamwinua Mukiri kwa makwapa na kumpitisha juu ya moto uliozimika mpaka mikononi mwa baba yake. "Na huyu hayuko mkavu tena."

Koome alimnusa mshukiwa. Hakukuwa na haja ya kumhoji.